Ng'ombe Asiye na Mtoaji

Nyumbani kwa Ruberwa, barua yenye kidirisha haifunguliwi. Ikifika bahasha ya namna hiyo, yenye uwazi wa nailoni unaoonyesha jina la anayedaiwa, Bamurange huigeuza mbele na nyuma, husonya, kisha huitumbukiza katika gunia la mchele lililotundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Gunia hilo lilianza kujaa miaka mitatu iliyopita, mumewe alipopasuliwa tumbo kukatwa kibole katika hospitali moja ya hapo Louisville, wakati ameacha kazi moja na hajaanza nyingine, bima hana. Dola elfu kumi na nane na mia nne. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, lakini Ruberwa hiyo harusi hakuionja hata kidogo. Yeye alikopeshwa akiwa usingizini, tumbo wazi.

Alhamisi hiyo ya mwezi wa tatu, barua iliyokuja haikuwa na kidirisha. Ilikuwa bahasha ya manjano, nene, ya watu wenye adabu. Bamurange ni mwanamke ambaye akipita penye chungu kilichofunikwa, mkono unamwasha. Alimfuata binti yake Kirezi, mwenye miaka kumi na tisa, aliyekuwa anafunga kamba za viatu aende zamu yake dukani.

"Isome hii kwanza."

Kirezi aliisoma kimoyomoyo, akarudia, mara ya pili kwa kidole. "Mama, wanasema deni la hospitali la Papa limefutwa. Lote."

"Nani amelifuta?"

"Hawasemi. Ni zawadi. Eti hakuna masharti."

"Zawadi ya nani?"

"Mama, haina jina. Just say thank you."

"Nimwambie nani aksanti? Sanduku la barua?"

Ruberwa alikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto juu ya stuli, umefunikwa taulo. Chini ya kidole kidogo alikuwa na kidonda cha wiki tatu. Sukari ilikuwa imemwingia mwaka uliopita, na kidonda cha mtu wa sukari hakina haraka ya kupona, kina haraka ya kupanda. Alikuwa anakiosha kwa maji ya chumvi, anavaa soksi mbili, anakwenda ghalani kusukuma makasha saa kumi kwa siku. Hospitali hakutaka kuisikia. Bima sasa alikuwa nayo, lakini mlango ulikuwa uleule.

"Nitapita namna gani kwa mulango ya mutu ananidai?" ndivyo alivyokuwa akimjibu mkewe kila asubuhi. "Nikiandika jina tu kwa kompyuta, batasema: karibu, Ruberwa, ile elfu kumi na nane iko wapi?"

Bamurange alikuwa amemwona Methodi, mzee wa kanisa lao, akiingia hospitali na kidonda kama hicho na kutoka bila mguu kuanzia goti. Tangu siku hiyo halali vizuri. Kila jioni hunusa soksi za mumewe kabla ya kuzifua.

"Basi deni imeisha," alisema sasa, karibu acheke kwa furaha. "Kesho tunaenda."

"Tunaenda na ng'ombe ya nani?" Ruberwa aliuliza.

Hapa lazima nimtetee kidogo, maana wapo watakaomwona mjinga. Huko milimani Kivu ya Kusini alikozaliwa, mtu hapewi ng'ombe na upepo. Anayekupa ng'ombe amekufunga kwake, nawe umemfunga kwako. Ng'ombe akishazoea zizi, unakwenda kwa mtoaji na maziwa mkononi, unasimama mbele ya watu, unasema asante kwa sauti. Shukrani hiyo wao huiita kung'oa majani. Na mtoaji ana haki, siku yoyote apendayo, kuuliza habari za ng'ombe wake. Vita viliwala ng'ombe wote, lakini desturi yao ilipanda ndege pamoja na wenyewe.

"Ukiamka asubuhi ukute ng'ombe kwa zizi, hauijui," Ruberwa alisema, "unaikamua? Hapana. Unauliza kwanza. Ng'ombe haina mwenye kuitoa, iko ya kuibwa, ao iko mutego."

Kirezi, ambaye zamu ilikuwa inamwita, alipiga namba iliyokuwa chini ya barua ili ugomvi uishe. Mwanamke aliyepokea alithibitisha kwamba si utapeli. Hospitali ilikuwa imeliuza deni siku nyingi, na shirika lao lilikuwa limelinunua pamoja na maelfu ya mengine ili kuyafuta. Waliotoa pesa ni wengi. Aliahidi kuuliza, na akijua zilitoka wapi atamwandikia Kirezi.

Ruberwa alitikisa kichwa. "Mutu hawezi kununua deni ya mutu hajui. Hata Muzungu." Akatazama taulo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni Nkusi. Alipitisha kwa hao batu ya shirika ili nisijue."

Bamurange alikaa chini. Nkusi ni kaka mkubwa wa Ruberwa, anaishi Columbus, na ndugu hao walikuwa hawajasemezana miaka mitatu. Wakati wa kibole, ukoo wote ulichanga, hata wajane walituma dola kumi kumi. Nkusi hakutuma kitu. Baadaye ikasikika kwamba wakati uleule alikuwa ananunua nyumba.

"Na kama ni yeye?" aliuliza.

"Kama ni yeye, ninaenda kung'oa majani. Nikimaliza, ninaenda hospitali."

Bamurange hakuamini kabisa kwamba ni Nkusi. Lakini hospitali ilikuwa mwisho wa njia hiyo, kwa hiyo aliikubali njia.

* * *

Jumamosi asubuhi Bamurange aliendesha mwenyewe, mwendo wa saa tatu na nusu, mume kiti cha nyuma na mguu juu ya mto. Kwenye buti kulikuwa na dumu la maziwa ya mgando aliyoyagandisha mwenyewe kwa maziwa ya dukani, na kitenge kipya cha Uwera, mke wa Nkusi.

Njia nzima alikuwa anajiuliza nyumba ya kununua inafananaje. Walipofika mtaa wa Linden alidhani simu imewapoteza. Nyumba yenyewe ilikuwa imegawanywa katikati, familia kushoto na familia kulia, ngazi ya mbele ina ubao mmoja uliooza na kufunikwa kwa bati. Nkusi alifungua mlango. Alikuwa amekonda kuliko alivyokumbukwa. Walitazamana yeye na mdogo wake, kila mmoja akingoja mwenzake awe wa kwanza, hadi Uwera akatokea nyuma akisema, "Muingie basi, baridi iko naingia bure."

Mlangoni kulikuwa na safu ya viatu. Ndiyo desturi, na Bamurange hakuwa ameifikiria. Ruberwa alisimama akitazama viatu hivyo kama mtu aliyeombwa kitambulisho. Akaegemea ukuta, akavua cha kulia, kisha polepole cha kushoto. Soksi ilikuwa na doa la manjano lenye ukingo mweusi. Harufu ikatoka. Uwera alikwenda kufungua dirisha, halafu akaona amekosea, akalifunga. Bamurange aliona aibu hadi masikio yakamuuma. Nkusi yeye aliinama kabisa, akaitazama ile soksi, akainuka.

Sebuleni Ruberwa alikataa kukaa. Alisimama kwa kisigino, akashika dumu la maziwa kwa mikono miwili.

"Yaya," alimwita kaka yake, "nilikuwa na kinywa mubaya juu yako. Nilisema kwa batu: ndugu yangu alinunua nyumba wakati niko nakatwa tumbo. Leo nimekuja kung'oa majani. Ile ng'ombe ulinipa imefika. Deni imeisha yote. Ulifanya kimya, hukutaka nijue, lakini nimejua. Mungu akuongezee."

Nkusi alifungua kinywa. Bamurange, aliyekuwa anamtazama kwa jicho la mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike, aliona wazi kwamba mtu huyu hajui anashukuriwa kwa lipi. Macho ya Nkusi yalikwenda kwa mkewe, yakarudi, yakashuka hadi kwenye soksi. Yakabaki huko. Akajikuna sikio.

"Bon," alisema mwishowe. "Umenishukuru, nimepokea." Akalichukua dumu, akalipa Uwera. "Sasa na mimi niulize. Mwenye kutoa ng'ombe anaweza kuuliza habari yake, ao hapana?"

"Anaweza."

"Ile ng'ombe nilikupa juu ya nini? Uifunge kwa zizi uiangalie? Nilikupa juu mulango ya hospitali ifunguke. Donc, vaa kiatu. Tunaenda sasa hivi."

"Yaya, hata chakula hatujakula."

"Chakula itakungoja. Ule muguu haitangoja mutu."

Ruberwa, ambaye mke wake alimbembeleza wiki tatu, ambaye binti yake alimlilia, alitafuta kiatu chake kama mtoto aliyetumwa dukani.

Wakati wanaume wanahangaika na kiatu, Uwera alimvuta Bamurange jikoni. "Mama Kirezi, Mungu ananiona. Hatukulipa kitu. Hata hii nyumba tunapanga nusu tu, ni batu walisema tumenunua." Akainama, akavuta droo ya chini ya jiko la gesi, pale wengine wanapoweka sufuria. Ilijaa bahasha. Zote zina kidirisha.

"Kumbe na nyinyi," Bamurange alisema.

"Na siye. Ile wakati Baba Kirezi anakatwa, Nkusi naye alikuwa amelazwa, ni roho. Moyo ilisimama kazini. Akanikataza kusema. Alisema batu banachangia mudogo wangu, nisibanyang'anye."

Bamurange alishika ukingo wa sinki. Miaka mitatu alikuwa amelisema jina la shemeji yake kwa kulitema. Alitaka kulia, lakini sebuleni kiatu kilikuwa kimeshaingia mguuni, na mambo ya kulia yanaweza kungoja.

"Basi nyamaza," alimwambia Uwera. "Ng'ombe iwe yake leo. Tukitoka hospitali tutajua ni ya nani."

* * *

Walimlaza siku nne hukohuko Columbus. Vidole viwili vilikatwa, kidogo na jirani yake; mguu ukabaki. Daktari, msichana ambaye kwa kumtazama hakumzidi Kirezi sana, alisema angechelewa wiki moja tu wangekuwa wanazungumzia goti. Nkusi alilala kwenye kiti siku zote nne, moyo wake mbovu na yote, na hao ndugu wawili walisimuliana habari za milimani mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Lakini hadithi ingekuwa tamu mno kama ingekomea hapo, na maisha hayana tabia hiyo. Waliporudi Louisville, daktari wa vidonda alitaka kumwona Ruberwa kila baada ya wiki mbili. Alikwenda mara ya kwanza, akaenda ya pili. Kisha ikaja bahasha kutoka Columbus, yenye kidirisha, ikidai sehemu ambayo bima ilikataa kulipa. Ruberwa hakumngoja mkewe. Aliinuka mwenyewe kwa mkongojo, akaifikisha gunini. Wiki ile hakwenda kwa daktari, wala wiki iliyofuata. Kidonda kilikuwa bado hakijafunga.

"Nkusi hana ng'ombe ya pili," alisema, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Bamurange alianza tena kunusa soksi.

Katika siku hizo mwanamke wa shirika alimwandikia Kirezi, kama alivyoahidi. Fungu lile la madeni, alisema, lilinunuliwa kwa michango ya makanisa, na mchango wa kwanza ulitoka kwenye kanisa dogo la Kenmore, jimbo la New York. Bamurange alitafuta ramani. Kenmore iko ubavuni mwa Buffalo. Na Buffalo anakaa mdogo wake Kabanyana, aliyekuwa amejifungua mwezi uleule. Kuna watu ambao wangesema ni bahati tu. Bamurange alisema ni kuitwa. Aliomba siku tatu kazini, akapanda basi.

* * *

Kanisa lilikuwa la matofali, na milango yake iko wazi siku ya Jumanne kwa sababu kulikuwa na mnada wa nguo kuukuu. Kabanyana alimbeba mtoto mgongoni, Bamurange akabeba dumu la maziwa ya mgando. Aliyewapokea alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, sweta ya kijani, miwani imening'inia kifuani, mtunza hazina wa kanisa. Kabanyana ndiye aliyetafsiri.

Bibi alipoelewa wamefuata nini, alijishika mdomo. "Hakuna aliyewahi kuja," alisema. "Hatukujua hata majina. Tulitaka madeni ya hapa kwetu, wakatuambia ya hapa hayajapatikana, yapo ya Kentucky. Tukasema sawa, Kentucky."

Bamurange aliwekewa kiti, naye akakataa kukaa. Alisema asante yake nzima amesimama, kwa lugha ya mama yake, bila kufupisha, akataja ng'ombe na mguu na Nkusi. Kisha akamimina maziwa katika kikombe cha karatasi. Bibi aliyanywa yote, ingawa uso ulionyesha kwamba uchachu ule hakuwa ameutegemea. Bamurange alimpenda hapohapo.

Angeweza kuaga. Lakini mkono ulikuwa unamwasha, chungu bado kimefunikwa.

"Muulize, bo balipata wapi pesa yote ile? Elfu kumi na nane ya mume wangu peke yake, na baliokuwa pamoja naye ni maelfu."

Bibi alicheka kwa furaha. Hakuna aliyetoa elfu kumi na nane, alisema. Waliuza keki mwaka mzima. Madeni ya zamani huuzwa rahisi, na kwa kila dola waliyotoa, deni la dola mia lilifutika. "Ajabu, si ndiyo?"

Kabanyana alitafsiri, akasita. Bamurange alikuwa tayari anahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Mia moja themanini na nne," alisema.

"Ndiyo," bibi alisema, bado anatabasamu. "Kama hivyo."

"Muulize ni nani alikubali kuuza kwa bei hiyo."

"Wale waliokuwa wanamdai."

"Walewale walikuwa wanamupigia simu kila siku?" Bibi aliitikia kwa kichwa. Bamurange alisogea karibu. Hakuwa na hasira na bibi huyu. Alitaka tu kujua, kwa nguvu zake zote. "Muulize, juu ya nini hawakutuuzia siye? Mia moja themanini na nne tungetoa. Tungetoa wiki ileile."

Kabanyana alitafsiri neno kwa neno. Tabasamu la bibi likapungua, likaisha. Alivaa miwani, akaivua.

"Sijui," alisema. "Hatujawahi kujiuliza."

* * *

Alimpigia mumewe akiwa katika gari la Kabanyana, mbele ya kanisa, mtoto akinyonya kifuani mwa mamaye.

"Mama Kirezi, ulimuona?"

"Nilimuona. Ni kanisa nzima. Baliuza keki." Akavuta pumzi. "Baba Kirezi, haikuwa Nkusi."

Ruberwa akacheka kidogo. "Nilijua tangu palepale. Nkusi akidanganya anajikuna sikio. Tangu utoto."

"Sasa juu ya nini ulimufuata?"

"Mutu akikudanganya ili upone, unabishana naye ya nini?" Akakohoa. "Bon. Na hao batu ya keki, balitoa elfu kumi na nane yote?"

Bamurange angeweza kusema ndiyo. Alilifikiria kwa dhati. Ng'ombe angebaki ng'ombe, mumewe angelala akijua kuna watu mahali fulani waliomthamini kwa mali nyingi. Lakini kulikuwa na gunia nyuma ya mlango wa stoo, kulikuwa na droo chini ya jiko la Uwera, na kulikuwa na kidonda.

"Balitoa mia moja themanini na nne," alisema. "Ile deni yako, njo bei waliiuzia."

Alisikia televisheni ikizimwa.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Ile haifike hata pesa ya siku mbili ya kazi," Ruberwa alisema.

"Haifike."

"Miaka mitatu niko nazunguka barabara nyingine ili nisipite mbele ya ile hospitali. Juu ya siku mbili ya kazi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi madogo. "Na vidole vyangu viwili, Mama Kirezi? Vyenyewe baliuza bei gani?"

Bamurange akaibana simu sikioni. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na Kabanyana akamshika bega bila kuuliza. Upande wa pili wa simu alisikia mkongojo ukigonga sakafu, mlango wa stoo ukifunguliwa, kisha kitu kizito kikitua mezani.

"Kirezi!" Ruberwa aliita. "Kuya hapa. Leta kisu, na karatasi ya kuandika. Tunafungua hizi barua zote, utabapigia moja moja, ubaulize kila deni bo bangeiuza ngapi. Lakini kwanza tafuta namba ya munganga wa kidonda. Mwambie Jumatatu niko nakuja."

"Papa, zote? Ziko nyingi," Kirezi alisema.

"Zote," baba yake alisema, na Bamurange akasikia bahasha ya kwanza ikichanwa.